Meli ikimwaga mafuta baharini, mvuvi wetu analipwa na nani?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Likitajwa bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, mazungumzo yanakwenda kwenye ajira, fidia ya mashamba na bei ya viwanja Tanga. Bahari inasahaulika. Bomba hilo la kilomita 1,443 limesanifiwa kusukuma zaidi ya mapipa 200,000 ya mafuta ghafi kwa siku, na kila pipa linalofika mwisho wake ni la kupakiwa melini, jirani na maji ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Hapo ndipo sheria ya meli inapoanza, na sheria hiyo ina hesabu zake ambazo watu wa pwani duniani kote huzijua baada ya janga. Nataka sisi tuzijue mapema.

Wengi tunadhani mafuta yakimwagika swali la kwanza ni nani kakosea: nahodha kalewa, rubani wa bandari kazembea, kampuni imebana matumizi. Kwenye fidia swali la kwanza ni jingine. Ni mafuta ya aina gani, na yalikuwa melini kama shehena au kama mafuta ya injini? Jibu la hapo ndilo linaloamua mvuvi analipwa chote, anapata robo, au anabaki na pole.

Mfano ulio karibu nasi ni Mauritius. Jioni ya tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe mbele ya Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa kisiwa. Meli ya mita 300, mwenyewe kampuni ya Kijapani, bendera ya Panama, imekodiwa na kampuni nyingine ya Kijapani. Haikuwa na shehena, ilikuwa inaelekea Brazil. Ndani ya matangi ilikuwa na takriban tani 4,000 za mafuta ya kuendeshea injini zake. Ilikaa juu ya mwamba siku 12. Tarehe 6 Agosti tangi likapasuka, na kama tani 1,000 zikaingia kwenye maji ya Mahébourg, karibu na hifadhi ya Blue Bay na kisiwa cha Île aux Aigrettes. Wananchi walishona maboya marefu kwa majani makavu ya miwa na chupa za plastiki ili kuzuia mafuta kwa mikono yao. Tarehe 15 Agosti meli ikakatika vipande viwili.

Sasa njooni kwenye sheria. Ipo mikataba ya kimataifa inayolipa vizuri kiasi uchafuzi wa mafuta ya meli. Ilizaliwa baada ya Torrey Canyon, meli iliyogonga mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, mwezi Machi 1967 ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Serikali ya Uingereza ilifikia kuipiga mabomu meli ili mafuta yaungue, na wakati huo sheria haikuwa na njia ya wazi ya kumbana mwenye meli wa nje. Ndipo ukaja mkataba wa dhima wa 1969, unaombana mwenye meli, na mkataba wa Mfuko wa fidia wa 1971. Vyote viwili vimeandikwa upya mwaka 1992, na hivyo vya 1992 ndivyo vinavyotumika leo.

Mpango wake una ngazi mbili. Ya kwanza ni mwenye meli na bima yake. Analipa bila mdai kuthibitisha uzembe; inatosha kuonyesha kwamba mafuta yametoka kwenye meli ile na hasara imetokana nayo. Anaponea vitu vichache tu, kama vita, janga la asili lisilozuilika, au hujuma ya mtu mwingine. Lakini dhima yake ina kikomo kinachokua na ukubwa wa meli, na kikomo cha juu kabisa ni SDR milioni 89.77. (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, moja imekuwa ikicheza kati ya dola 1.3 na 1.45.) Hasara ikizidi hapo, ngazi ya pili ni Mfuko wenye makao London, ambao unajazia hadi jumla ifike SDR milioni 203. Anayeuchangia ni kila kampuni, katika nchi wanachama, inayopokea kwa njia ya bahari zaidi ya tani 150,000 za mafuta ghafi na mafuta mazito kwa mwaka.

Mauritius ilikuwa mwanachama wa mikataba hiyo miwili, na bado haikuisaidia. Mikataba hiyo ni ya meli za kubeba mafuta. Wakashio ilikuwa meli ya shehena kavu, na kilichomwagika ni mafuta ya injini yake. Kwa hiyo Mfuko wa London ulikuwa nje, na kilichotumika ni mkataba wa mafuta ya injini wa 2001, ambao wengi huuita Bunkers.

Bunkers nao unamwajibisha mwenye meli bila kuthibitisha kosa, na unalazimisha bima kwa kila meli inayozidi GT 1,000 (GT ni kipimo cha ukubwa wa meli). Tatizo ni kwamba nyuma yake hakuna mfuko wa pili, na wenyewe hauna kikomo chake. Unamwachia mwenye meli atumie kikomo cha jumla cha madai ya baharini kinachotumika katika nchi husika. Na hapa ndipo inaponiuma mimi. Kikomo hicho kina matoleo mawili: mkataba wa 1976 na itifaki ya 1996 ambayo viwango vyake vilipandishwa mwaka 2015. Mauritius ilikuwa imebaki kwenye wa 1976. Japani ilikuwa kwenye itifaki mpya.

Pigeni hesabu wenyewe. GT ya Wakashio ilikuwa 101,932. Kwa jedwali la 1976 mwenye meli anaweza kujifungia kwenye SDR milioni 12.7, yaani kama dola milioni 18 kwa bei ya mwaka ule. Kwa jedwali jipya ni SDR milioni 46.2, kama dola milioni 65. Meli ni ileile, mafuta ni yaleyale, samaki waliokufa ni walewale. Dola milioni 47 zimepotea kwenye karatasi ambayo haikutiwa saini.

Sasa linganisheni na ile SDR milioni 203 ambayo ingekuwepo kama Wakashio ingekuwa imebeba mafuta ghafi. Tani 1,000 za mafuta ya injini na tani 1,000 za shehena zinaua matumbawe sawasawa, ila sheria haiziangalii kwa jicho moja.

Kuvunja kikomo mahakamani kunawezekana kwa maandishi tu, kwa vitendo karibu hakuna. Inabidi uthibitishe kwamba mwenye meli mwenyewe, si nahodha wake, alifanya makusudi au alipuuza huku akijua kwamba hasara ya aina ile ingetokea. Nahodha wa Wakashio na afisa wake mkuu walihukumiwa Mauritius mwezi Desemba 2021 kifungo cha miezi 20. Hukumu ya nahodha haimfungulii mvuvi kikomo cha tajiri.

Karibuni tujadili. Wa Mombasa, Unguja, Pemba, Mtwara, hili ni letu sote.

#2 Mdau, Mombasa

Ndugu yangu, ahsante kwa uzi. Sisi huku twalijua hili kwa macho. Mwaka 2005 meli ya mafuta ya Kihindi, Ratna Shalini, ilimwaga mafuta ghafi hapa Kilindini na mikoko ikapata tabu. Watu wa mitumbwi waliuliza wamwendee nani, kila ofisi yawaelekeza kwa nyingine. Swali langu: Kenya imo kwenye huo Mfuko ama ni maneno ya wakubwa tu? Na mvuvi ashtaki wapi, London?

#3 Mleta uzi

Kenya imo, Tanzania imo, kwenye mkataba wa dhima wa 1992 na wa Mfuko pia. Comoro, Shelisheli, Msumbiji na Madagaska nazo zimo. Kinachoangaliwa ni hasara imetokea kwenye maji ya nani, hata kama meli haikuwa inakuja bandarini kwako. Meli ya bendera yoyote, ikipita Mlango wa Pemba na shehena ya mafuta ghafi ikapasuka, anayeumia Wete, Tanga au Vanga anaweza kudai.

Na hapana, hashtaki London. Mahakama zenye mamlaka ni za nchi ilikotokea hasara. Mdai anaweza kumshtaki mwenye bima moja kwa moja bila kuhangaika kumtafuta mwenye meli, ambaye mara nyingi ni kampuni yenye meli moja na sanduku la barua. Kwa kawaida, likitokea tukio kubwa, bima na Mfuko hufungua ofisi ya madai karibu na eneo, fomu zinajazwa, wataalamu wanapita kukagua. Wengi hulipwa bila kufika mahakamani.

Ila kuna mtego wa muda, na huo umewaumiza watu. Haki ya kudai inakufa baada ya miaka 3 tangu hasara itokee, na kwa vyovyote vile baada ya miaka 6 tangu tukio lenyewe. Kujaza fomu ya madai hakusimamishi saa. Kama miaka 3 inakaribia na hujamalizana nao, lazima kesi ifunguliwe, na Mfuko ushtakiwe au upewe taarifa rasmi ya kesi hiyo. Kwenye Bunkers nako ni 3 na 6.

#4 Mdau, Dar

Mkuu, mbona unazunguka sana? Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, mchafuzi ndiye alipaye. NEMC, baraza letu la mazingira, wapige faini ya maana, meli izuiliwe hapohapo bandarini mpaka ilipe. Mambo ya vikomo yanatoka wapi kwenye ardhi yetu?

#5 Mleta uzi

Hasira yako naielewa, na meli kuzuiliwa ni silaha halali. Lakini tenganisha vitu viwili. Faini inaingia serikalini. Mvuvi wa Kigamboni haioni. Fidia ya hasara yake ndiyo inayosimamiwa na mikataba, na nchi ikishauridhia mkataba wa 1992 imekubali kwamba madai ya uchafuzi dhidi ya mwenye meli yanapitia mkataba huo peke yake. Imekubali pia kwamba mabaharia, rubani na aliyekodi meli hawashtakiwi, isipokuwa kwa ule uzito wa makusudi nilioutaja. Mwenye meli akishaweka fedha za kikomo mahakamani, kwa kawaida meli inaachiwa.

Wafaransa walijaribu kuupanua mlango huu. Meli ya Erika ilikatika vipande karibu na pwani ya Brittany mwezi Desemba 1999 ikamwaga tani zipatazo 20,000 za mafuta mazito. Kesi ikaenda mpaka mahakama yao ya juu, na tarehe 25 Septemba 2012 ikaamua kwamba hata Total, aliyekuwa nyuma ya ukodishaji wa meli ile, anawajibika kwa uzembe wake, tena ikathibitisha kwamba madhara kwa mazingira yenyewe yanalipika. Iliwachukua karibu miaka 13, wakiwa na mawakili wa serikali za mitaa, mashirika ya kulinda ndege wa baharini na mikoa mizima. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini mama anayekaanga samaki Feri hawezi kungoja miaka 13, na ndiyo maana nasisitiza njia ya Mfuko kwanza.

Kwa upande wako wa Dar kuna jambo zito zaidi ambalo sijaligusa. Mikataba ya 1992 inalipa mafuta yanayong'ang'ania tu: ghafi, mafuta mazito, mafuta ya kulainisha mitambo. Petroli, mafuta ya taa na dizeli nyepesi havimo, kwa hoja kwamba hupotea haraka hewani. Sasa angalia kinachoshushwa Kurasini na kwenye boya la Mjimwema. Wingi wake ni petroli na dizeli. Hata bomba la TAZAMA la kwenda Ndola, ambalo kwa miaka mingi lilisafirisha mafuta ghafi, limegeuzwa kuwa la dizeli tangu 2023. Meli ya dizeli ikipasuka pale Mjimwema, Mfuko wa London haulipi shehena ile hata senti, na dizeli inaua kaa, chaza na samaki wachanga kwa sumu kali ya siku za mwanzo. Mkataba uliotungwa kwa ajili ya shehena kama hizo ni wa HNS wa 1996, ukarekebishwa 2010, na umekaa miaka mingi ukisubiri nchi za kutosha kuuridhia.

Kwa hiyo swali la kumfikishia mbunge wa pwani ni hili: kwa meli ya dizeli na kwa meli ya makontena, kikomo chetu ni cha jedwali lipi? Ajibu kwa kutaja mwaka wa itifaki, si kwa kusema serikali inalifanyia kazi.

#6 Mdau, Kilwa

Nimesoma yote. Baba yangu ni mvuvi wa madema tangu ujana wake, mimi mwenyewe nimelelewa na hayo madema. Hapa dikoni hakuna mtu mwenye risiti. Unauza changu kwa mchuuzi, mnaandikiana kichwani. Mzungu wa bima akija na kusema nionyeshe vitabu vyako, tumekwisha. Au nakosea?

#7 Mleta uzi

Hujakosea kuogopa, ila hali si mbaya hivyo. Mfuko umeshalipa watu kama baba yako. Mwezi Agosti 2006 meli ya Solar 1 ilizama mlango wa bahari wa Guimaras, Ufilipino, ikiwa na tani 2,000 hivi za mafuta mazito. Maelfu ya wavuvi wa mitumbwi walilipwa, na wengi wao hawakuwa na kitabu chochote cha hesabu. Mfuko una miongozo ya wavuvi wadogo na wa kujikimu: panapokosekana risiti wanatazama takwimu za eneo, idadi ya vyombo, msimu, bei za mnadani, na ushahidi wa jamii.

Tatizo lao kubwa pale lilikuwa jingine. Majina yanayodai yalizidi wavuvi wanaofahamika. Hapo mvuvi wa kweli anachelewa kwa ajili ya mtu aliyejifanya mvuvi siku ile.

Kwa hiyo dawa iko mikononi mwenu na ni ya bei ndogo. BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, iwe na daftari la vyombo na wavuvi lililogongwa muhuri na afisa uvuvi, lisahihishwe kila mwaka. Leseni ziwe hai. Kipato cha uvuvi usio na leseni kinaweza kukataliwa. Mtu mmoja pale dikoni aandike kila siku: vyombo vingapi vimetoka, kilo ngapi, samaki gani, bei gani. Aandike kwa kusi na kwa kaskazi, bamvua na maji mafu, maana mkadiriaji atataka kujua kama Agosti huwa mnapata hivyo au mlikuwa hamtoki kwa sababu ya upepo. Pigeni picha za fukwe, mikoko na miamba wakati bahari ni safi. Picha ya baada bila picha ya kabla haina nguvu.

Na anacholipwa mtu ni hasara halisi: kipato alichokosa, ukitoa gharama ambazo hakuzitumia kama mafuta ya mashine na barafu. Nyavu na madema yaliyochafuka yanalipwa pia, lakini msiyachome kwa hasira kabla hayajakaguliwa. Wekeni mfano wa mafuta yenyewe kwenye chupa safi ya kioo, andikeni tarehe, saa na mahali, mkabidhi afisa kwa maandishi.

#8 Mdau, Mtwara

Na yale madonge ya lami yanayoletwa na mawimbi ufukweni, meli haijulikani? Halafu siku hizi kuna meli chakavu zinazozima vifaa vya utambulisho na bima zao ni za kughushi. Huyo unamdai wapi?

#9 Mleta uzi

Mwenye meli asipojulikana, au bima yake ikiwa hewa, Mfuko unaweza kulipa kuanzia senti ya kwanza. Mwezi Februari 2024 tishari la Gulfstream lilipinduka Tobago likiwa na mafuta mazito, mwenyewe hakujitokeza. Kamati ya Mfuko iliidhinisha fidia ilipwe. Sharti ni kuthibitisha kwamba mafuta yametoka kwenye meli ya kubeba mafuta. Kwa madonge madogo ya lami hapo ndipo panapokwama: mengi ni mabaki yaliyomwagwa usiku na meli za kila aina, na bila kipimo cha maabara huwezi kusema ni ya aina gani. Ile chupa ya kioo inarudi hapo.

Kuhusu bima za kughushi, kila meli yenye zaidi ya tani 2,000 za shehena ya mafuta mazito au ghafi inatakiwa kuwa na cheti cha bima chini ya mkataba wa 1992. Mkaguzi wa mamlaka ya meli, iwe TASAC ya Bara, KMA ya Kenya au ZMA ya Zanzibar, akipanda melini asiishie kukiangalia cheti. Ampigie mwenye bima. Na sisi Watanzania tusijitoe kwenye hili la bendera. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zimesajiliwa kwa bendera yetu kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na serikali ikalazimika kuzifuta. Bendera hiyo ikipeperushwa kwenye meli isiyo na bima ikachafua pwani ya wengine, wavuvi wa huko watauliza maswali haya haya kuhusu sisi.

#10 Mdau, Paje

Kaka angu, mmezungumza wavuvi tu. Sisi kina mama wa mwani je? Na mikoko yetu inayozaa kaa, nani anailipia?

#11 Mleta uzi

Dada, mwani umo. Ufugaji na kilimo cha baharini vinatambuliwa kwenye madai, pamoja na hoteli, wapishi wa ufukweni na wachuuzi wanaotegemea samaki wa eneo lile, ilimradi uhusiano wa hasara na mafuta uwe wa karibu. Ukipoteza kamba, vigingi na zao la mzunguko mzima, dai vyote, pamoja na mzunguko unaofuata kama maji hayajawa salama kupanda. Mnunuzi akikataa mwani kwa sababu una harufu ya mafuta, mwombe aandike kwa mkono wake kwamba amekataa, kilo ngapi na siku gani.

Mikoko ni ngumu zaidi. Mkataba unalipa gharama za hatua za busara za kurejesha mazingira: kusafisha, kupanda upya, utafiti wa kufuatilia kama inashika. Haulipi thamani ya ekari moja ya mikoko iliyokokotolewa kwa kanuni ya darasani. Mfuko uliamua hivyo tangu 1980. Kwa hiyo shehia ikae na mpango wa kupanda wenye gharama zake: miche kutoka kitalu gani, vibarua wangapi, miaka mingapi ya kuitunza. Dai lenye mpango wa namna hiyo lina miguu. Na nani aliitunza mikoko ile kabla, kwa majina, iandikwe humo pia, kwa sababu kazi ya kuirudisha itakapolipiwa, hao ndio wanaostahili kuifanya.